Dago la Masika

Neno pwani, ambalo katika mazungumzo ya kila siku hutajwa kana kwamba ni jina la kipande cha nchi kilichopakana na bahari, asili yake ni kitenzi kupwa, yaani maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha wazi mchanga, matope na miamba iliyokuwa imefunikwa saa chache kabla. Kwa maana hiyo pwani si nchi kavu wala si bahari, bali ni mahali panapofunuliwa kwa muda na kufunikwa tena, mara mbili kwa siku, na anayetandika mkeka wake hapo hukaa kwa ruhusa ya maji. Upo ukaaji wa aina hiyo ambao haujaandikwa sana katika Kiswahili, nao ni ule wa marafiki wanaopakia mahema, sufuria na magodoro ndani ya gari moja, wakaondoka Dar es Salaam kuelekea kusini kwa Barabara ya Kilwa, wakalala kando ya bahari katika miezi ya masika, wakati mvua kubwa zinanyesha na wengi wanaona heri kubaki chini ya bati la nyumbani. Kwa mtazamo wa kawaida, safari ya namna hiyo ni hesabu iliyokosewa, kwa kuwa nusu ya siku zake hupotea katika kungoja mvua ikatike. Lakini mwambao huu ulijengwa na watu wa kungoja, na huenda saa zinazohesabiwa kuwa zimepotea ndizo zenye uzito kuliko zote.

Maisha ya mwambao wa Afrika Mashariki hutawaliwa na pepo mbili zinazopokezana. Kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki, huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi, unaotoka kusini na kusini-mashariki, hushika zamu kuanzia Aprili na kuendelea kwa miezi mitano au sita. Masika, ambayo ni mvua ndefu za Machi hadi Mei, huja pale kaskazi inapolegea na kusi inapojikusanya, na vuli, ambayo ni mvua fupi, huja katika miezi ya mwisho ya mwaka. Mgawanyo huo wa mvua mbili, hata hivyo, hauendelei hadi mwisho wa mwambao, kwa sababu upande wa Lindi na Mtwara mvua huwa moja tu, inayoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na watabiri wa hali ya hewa nchini Tanzania huiita mvua ya msimu. Kwa hiyo wasafiri wanaotoka Dar es Salaam mwezi wa Aprili huacha mvua iliyo katikati ya nguvu zake na kuelekea kwenye mvua inayoaga, na mpaka kati ya hizo mbili hauna kibao wala kizuizi barabarani. Neno msimu lenyewe limetokana na Kiarabu mawsim, yaani wakati maalumu, na ndilo hilohilo ambalo Wareno walilichukua baharini na kulipeleka Ulaya, likawa huko jina la pepo zenyewe.

Pepo hizo ziliamua nani afike wapi na akae kwa muda gani. Jahazi lililotweka tanga Arabuni au katika Ghuba ya Uajemi liliteremka na kaskazi, lakini kaskazi ina mwisho wake, na chombo kilichoteremka mno kusini kilijitia katika hatari ya kukosa upepo wa kukirudisha kwa wakati. Kikomo cha safari ya msimu mmoja kilikuwa karibu na Kilwa. Dhahabu ilitoka mbali zaidi, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikashukia bandari ya Sofala ambayo leo imo ndani ya Msumbiji, na aliyeitaka ilimpasa ama kungoja msimu mwingine ama kuwaachia watu wa Kilwa kazi ya kuifuata. Mji ambao katika karne ya 13 na ya 14 ulipanua msikiti wake mkuu kwa mawe ya matumbawe, ukapiga sarafu zake za shaba na kulia katika vyombo vya kauri kutoka China, ulikuwa kwa namna moja mji uliotajirishwa na subira ya wengine. Katika miezi ya kungoja wageni walioa, madeni yalilipwa au yaliahirishwa, na lugha ya Kibantu ya wenyeji ilipokea maneno ambayo baadaye hayakuonekana tena kuwa ya kigeni, yakiwemo mawili ambayo tafakari hii haiwezi kuyakwepa, nayo ni safari na rafiki.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Tanger nchini Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, na katika maelezo yake mafupi kuhusu mji huo, baada ya kuusifu kwa uzuri na kutaja nyumba zake za miti, hakuacha kusema kwamba mvua zake ni nyingi. Wanahistoria wamejiuliza ni kwa vipi hakuyataja majengo ya mawe, ilhali sultani aliyekuwa akitawala wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri kubwa lililojengwa juu ya mwinuko unaotazama bahari. Huenda kumbukumbu yake ilichanganya mji huu na mwingine, kwa kuwa kitabu chake kiliandikwa miaka mingi baada ya safari. Lakini mvua haikusahaulika. Mgeni anaweza kupita mjini bila kuingia kwenye kasri, ila hawezi kupita masika bila kulowa. Msafiri huyohuyo amesimulia pia kwamba sultani huyo, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mtu wa kutoa vipawa, aliombwa na fakiri nguo alizovaa naye akampa. Kisa hicho husomwa kama mfano wa ukarimu wa wafalme, lakini aliyewahi kulala kwenye hema linalovuja anaweza kukisoma kwa namna nyingine, kwa kuwa usiku wa mvua hakuna kipawa kinacholishinda shati kavu.

Barabara ya leo inaufuata mwambao huo kwa mbali, ikitoka Mbagala, ikipita Mkuranga na Kibiti, ikivuka Mto Rufiji, ikisogea karibu na bahari pale Somanga na kuiacha njia panda ya Nangurukuru kwa wanaokwenda Kilwa Masoko, kisha ikaendelea hadi Lindi, Mikindani na Mtwara, mwendo wa takriban kilomita 560. Kabla ya mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja lenye jina la Rais Benjamin Mkapa, ambalo urefu wake unakaribia kilomita moja, magari yalivushwa Rufiji kwa kivuko, na mto ulipofurika safari ilikoma. Hata baada ya daraja, kipande cha takriban kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilibaki cha udongo kwa miaka mingi, na basi lililonasa humo wakati wa masika liliweza kulala hapo usiku mmoja au zaidi. Abiria ambao asubuhi hawakujuana walijikuta jioni wanasukuma gari pamoja, wanagawana maji na mkate, na kupanga zamu za kulala vitini, ikawa kwamba watu wa kusini walipiga kambi za mvua muda mrefu kabla mahema ya kukunja hayajauzwa madukani, tena bila kuyachagua.

Lami imeufupisha mwendo huo bila kuyaondoa masika. Kimbunga, yaani dhoruba inayozunguka na kupata nguvu zake kutoka kwenye maji ya bahari yenye joto, ni nadra katika mwambao huu, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuzungusha pepo. Lakini nadra si kamwe. Zanzibar ilipigwa mwezi wa Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa kwa wingi, na Lindi ilipigwa Aprili 1952. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika eneo la Mafia, na mvua zake zikaikata barabara hiyohiyo ya kusini katika sehemu kadhaa za Wilaya ya Kilwa, hata mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Matukio yote matatu yametokea katika kipindi cha masika, na marafiki wanaosafiri katika miezi hiyo kwa ajili ya kujiburudisha hawana budi kukumbuka kwamba mvua wanayoisikiliza juu ya turubai ni ndugu wa ile iliyowaondoa wengine majumbani mwao. Aliyelala kwenye hema kwa kupenda na aliyelala kwenye hema kwa sababu nyumba imechukuliwa na maji wanasikia mshindo mmoja, ila wa kwanza ana funguo za nyumba mfukoni.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kulala nje kando ya bahari ni desturi iliyoletwa na watalii. Kiswahili kina neno dago, ambalo wengine hulitamka ago, lenye maana ya makao ya muda ya wavuvi walio mbali na kwao; wavuvi wa Pemba, kwa mfano, wamekuwa wakivuka hadi mwambao wa Kenya kila msimu, wakajenga vibanda vya makuti ufukoni, wakavua, wakakausha samaki na kurejea kwao. Katika bonde la Rufiji kuna dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima hukaa katika miezi ya kilimo ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama huku maji ya mafuriko yakipita chini ya sakafu, na maji yanapopungua huanza kilimo kiitwacho mlau, yaani kupanda mazao kwenye udongo wenye unyevu ulioachwa na mto. Makao hayo mawili yana tofauti moja ya kuzingatiwa: dungu ni la maji na mvua, lakini dago kwa kawaida ni la kaskazi, bahari inapokuwa shwari, na kusi ikishapamba moto vyombo vidogo hubaki pwani na wavuvi hutengeneza nyavu zao. Marafiki wanaopiga kambi ufukoni mwezi wa Aprili wamekwenda dago katika msimu usio wa dago. Mvuvi akiwaona atajiuliza wamekuja kuvua nini, na jibu pekee wanaloweza kumpa, wakiwa wakweli, ni kwamba wamekuja kukaa pamoja.

Kukaa pamoja huko, hata hivyo, kuna ufundi wake. Ufuko una mstari unaoonyeshwa na mwani mkavu, vifuu na vijiti, ambao ndio mpaka wa maji ya juzi, lakini si lazima uwe mpaka wa maji ya kesho. Kwa maana katika siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita tatu katika sehemu nyingi za mwambao huu, na katika siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua. Hema lililosimamishwa wakati wa maji mafu bila kuhesabu tarehe za mwezi linaweza kuamshwa na bamvua takriban wiki moja baadaye. Kulala chini ya mnazi ni kujiweka chini ya nazi inayongoja upepo, ndiyo maana wazoefu hupendelea mivinje, ambayo matawi yake membamba huvunja nguvu ya kusi. Mlango wa hema hupewa upande usioelekea upepo, mfereji mdogo huchimbwa kuzunguka hema ili maji yapate njia nyingine, na makumbi ya nazi huwekwa mapema mahali pakavu kwa kuwa kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto haba. Hakuna kazi katika hizo inayohitaji elimu kubwa, lakini hakuna hata moja inayofanyika vizuri na mtu mmoja wakati mvua imeshaanza.

Ni katika kazi hizo ndogo ndipo safari inapotimiza maana ya jina lake. Wanazuoni wa Kiislamu, akiwemo al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, wameeleza kwamba safari imeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia, kwani mzizi wa neno hilo katika Kiarabu unabeba pia maana ya kuondoa kifuniko. Rafiki naye, kabla ya kuwa mtu wa kuzungumza naye barazani, katika Kiarabu ni mwenzi wa njia, na mzizi wa jina lake ni uleule wa neno lenye maana ya upole. Maneno hayo mawili, yakiwekwa kando ya neno pwani, yanaonyesha ulinganifu ambao huenda ni wa bahati tu lakini si wa bure, kwani kupwa humfunulia mtazamaji kilicho chini ya maji, na safari humfunulia mtu kilicho chini ya mazoea. Mjini, marafiki hukutana wakiwa tayari wameoga, wamekula na wamechagua saa ya kukutana, na kila mmoja huonyesha upande anaoutaka. Katika siku ya tatu ya mvua, mchele ukiwa umelowa na barabara ya vumbi iendayo ufukoni ikiwa imegeuka tope, saa ya kukutana haichaguliwi tena. Msemaji mkubwa wa mjini hunyamaza, na yule ambaye katika picha zote husimama pembeni huonekana amepiga magoti mbele ya moto akipuliza, bila kuombwa na mtu.

Ufunuo huo una hatari yake, na jamii za mwambao na bara ziliijua zamani. Misafara ya karne ya 19 iliyotembea kwa miguu kati ya Unyamwezi na pwani, miezi kwa miezi, iliwakutanisha watu wa makabila mbalimbali ambao hawakuwa na udugu, na miongoni mwa desturi zilizostawi katika njia hizo ni utani, yaani uhusiano unaowaruhusu watani kudhihakiana, kunyang'anyana vitu na kusemana bila kukasirika, na wakati huohuo kuwawajibisha kusaidiana katika shida, hata kuzikana. Utani haukuwa mzaha wa kupitisha wakati peke yake. Ulikuwa njia ya kulisema kosa la mwenzi kabla halijawa kinyongo. Dhihaka zinazorushwa ndani ya hema kuhusu aliyesahau vigingi, au aliyeapa kwamba wingu lile halina mvua, zinafanya kazi hiyohiyo, na kundi lisiloweza kutaniana katika mvua huanza kuhesabu nani amechangia kiasi gani cha mafuta ya gari. Methali nayo imetoa onyo, kwamba usisafirie nyota ya mwenzio, yaani usijitie katika safari kwa kutegemea bahati ya mwingine, na onyo hilo linawahusu hasa marafiki, kwa sababu urafiki humfanya mtu adhani kwamba turubai la kutosha litakuwa limeletwa na mtu mwingine.

Baharini kuna methali nyingine, isemayo kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa, ambamo maji yaliyovuja hukusanyika na kutekwa ili yamwagwe nje. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kuwakumbusha wanaotangatanga kwamba mwisho wa yote ni kurudi kwenye asili, lakini picha yake ni ya kazi: hata abiria anayependa kusimama omo akitazama upeo wa bahari zamu yake ya kuteka maji itafika. Chombo huenda kwa tanga, ila huelea kwa sababu kuna mtu ngamani. Ndivyo ilivyo kwa kundi la marafiki, ambalo husafiri kwa shauku ya aliyependekeza safari, lakini hubaki kundi kwa subira ya anayekausha nguo za wenzake juu ya jiko.

Wanaofika Kilwa Masoko wakapata kivuko cha kuwapeleka Kilwa Kisiwani huona kazi ya ngamani kwa kipimo cha karne. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mawimbi yaliyokuwa yakila ukingo wa kisiwa na mvua iliyokuwa ikiosha udongo kwenye misingi, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kuta kukarabatiwa na mikoko kupandwa mahali pa kulinda ufuko. Mvua ileile aliyoitaja Ibn Battuta bado inanyesha juu ya Msikiti Mkuu, ikiteremka kwenye kuba zilizobaki na kupita palipokuwa na kuba nyingine, na watu walioungoja msimu ndani ya mji huo hawakuacha majina yao, isipokuwa wachache. Uimara wa jiwe, kwa ushahidi huo, haukutosha kuulinda mji. Ulihitaji watu wa kurudi kila mara kuziba panapovuja, kama vile hema, na kama vile urafiki.

Asubuhi ya kuondoka, mahema yakishakung'utwa na kukunjwa, kila hema huacha mchangani kipande kikavu chenye pande nne, palipolala watu wawili au watatu wakisikiliza mvua. Hicho ndicho kipande pekee cha ufuko ambacho masika hayakukifikia kwa siku zote hizo, na hakikulindwa na turubai peke yake, bali pia na aliyeamka usiku kukaza kamba. Kabla gari halijawashwa, matone ya kwanza huanza kukitia madoa, na jioni maji yakijaa hakuna mvuvi atakayeweza kusema dago lilikuwa wapi.